Podikasti za katuni na visa vya dunia: tafuta mhusika kwanza, kipindi kitakuja chenyewe

Kila nikiulizwa podikasti gani (vile vipindi vya sauti vya kusikilizia kwenye simu) nzuri ya kuanza nayo huwa narudisha swali, we unampenda nani? Mhusika gani wa katuni, mwanamuziki gani, kisa gani cha nchi gani ambacho ukikisikia unaacha kila kitu? Maana ukifungua app ukaandika tu "comics" unaletewa mamia ya vipindi, vingine vilishakufa zamani, vingine ni jamaa wawili wanachekeana dakika ishirini nzima hawajagusa mada, unasikiliza viwili vitatu unachoka unasema podikasti sio za kwangu. Na zile orodha za juu nazo zinakuonyesha kinachosikilizwa na wengi, na wengi hawana habari na katuni.

Mi mtu wangu alikuwa Storm. Yule dada wa X-Men, kundi la mashujaa wa katuni, mwenye nywele nyeupe anayeita radi. Kwenye filamu tunamuona anapepea tu angani, lakini kwenye vitabu vya katuni historia yake inapita huku huku kwetu: jina lake Ororo Munroe, mama yake N'Dare ni binti wa kifalme kutoka Kenya, baba yake mpiga picha Mmarekani, wazazi wote wawili wanafia Cairo wakati wa vita vya Suez mwaka 1956 ndege ikiangukia nyumba yao, na mtoto anabaki kwenye kifusi pembeni ya mwili wa mama yake, ndo maana hata ukubwani ukimfungia sehemu finyu anachanganyikiwa kabisa pamoja na uwezo wote ule. Baadae anaondoka Misri kwa miguu kuja Afrika Mashariki. Na pale Profesa X, kiongozi wa X-Men, anapomfuata, kwenye Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975 iliyoandikwa na Len Wein na kuchorwa na Dave Cockrum, anamkuta Kenya anawaletea watu mvua baada ya ukame na wao wanamuabudu kama mungu. Sasa niambie, mtu wa Dodoma anayeijua kiangazi akisikia hiyo stori atalala?

Nilimtafuta yeye, jina lake, kwenye sehemu ya kutafutia, na ndo nikaangukia Jay & Miles X-Plain the X-Men. Imeanza 2014, watangazaji ni Jay Edidin na Miles Stokes, na kazi yao ni kuipitia X-Men toleo kwa toleo kuanzia lile la kwanza la 1963. X-Men ni fujo, watu wanakufa wanarudi, kuna mapacha wa bandia, kuna watoto wanatoka miaka ya mbele, ukisoma peke yako unapotea, lakini hawa wanakushika mkono. Kuna nyingine pia inaitwa Cerebro ya Connor Goldsmith, yeye kila episodi anachukua mhusika mmoja tu na mgeni mmoja, wanamchambua mpaka mifupa, na zingine zinaenda masaa kadhaa, hizo ni za kufua na kupiga pasi nguo za wiki nzima.

Hapa nikae kidogo maana ndo kipimo changu kikubwa. Katuni ni picha, na sauti haina picha, kwa hiyo podikasti ya katuni inasimama au inaanguka pale mtangazaji anapofika kwenye ukurasa. Mbaya atakwambia "hapa wanapigana, inapendeza sana" basi anapita. Mzuri anasimama, anakwambia mchoraji amemweka nani mbele na nani nyuma, uso unaangalia wapi, kile kisanduku cha mwisho kimeachwa bila maneno na kwa nini, rangi imebadilika kutoka ukurasa ule kwenda huu. Akimaliza we umeshauona ukurasa na bado uko kwenye daladala umeshika chuma. Jay na Miles kwa episodi nyingi walikuwa wanaweka na kurasa zenyewe kwenye tovuti yao, kwa hiyo unasikiliza njiani ukifika nyumbani unaangalia kile ulichokiona kichwani. Ukitaka kuijua podikasti mpya, nenda moja kwa moja mpaka sehemu wanapoelezea mchoro, wakishindwa hapo achana nayo.

Na sisi huu uhondo wa kuona kwa masikio tumeulea muda mrefu. Waliokua na Redio Tanzania wanamkumbuka Debora Mwenda na Mama na Mwana, wanawakumbuka Pwagu na Pwaguzi. Kwenye vibanda vya video tukawa na Lufufu, Kenya DJ Afro, Uganda VJ Jingo, mtu mmoja na maiki anakutafsiria filamu ya Hong Kong au India anamuita stelingi, anamuongezea na maneno yake, na watoto wanatoka pale wameielewa kuliko aliyeiangalia kwa Kiingereza. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema podikasti ni mambo ya wazungu, mi sikubaliani kabisa. Sikio letu limeshafunzwa, na ndo maana hatuna uvumilivu na msimulizi mvivu, usijilaumu ukizima podikasti maarufu baada ya dakika kumi, huenda masikio yako yamezoea vizuri zaidi.

Upande wa visa vya dunia, njia ni ile ile, anza na swali lako. Nilikuwa nataka kujua nchi zingine zinaishije na haya mambo ya rangi na lugha na ndoa, nikaipata Rough Translation ya NPR, redio ya umma ya Marekani. Mtangazaji wake Gregory Warner aliwahi kuwa mwandishi wao wa Afrika Mashariki akikaa Nairobi, na unasikia kwenye maswali yake kwamba ameshaishi ugenini. Episodi za mwanzo kabisa za 2017 kuna ya Brazil, nchi iliyotenga nafasi kwa watu weusi halafu ikabidi ziundwe kamati za kuangalia watu na kuamua nani mweusi kweli na nani hapana. Nilisikiliza hiyo nikairudia. Kipindi kilisitishwa 2023 lakini mafaili yote bado yapo, na hili naomba mlizingatie, podikasti iliyokufa sio mbovu, tena ina raha yake, unaijua mwisho wake uko wapi na unaweza kuimaliza kama kitabu.

Kuna Radio Ambulante pia, ya visa vya Amerika ya Kilatini, yake Daniel Alarcón na wenzake tangu 2011. Inatangazwa kwa Kihispania. Najua utasema Kihispania cha wapi, lakini tovuti yao inaweka maandishi ya visa na tafsiri ya Kiingereza, unasoma huku sauti za watu wenyewe zinaenda, mama wa Kolombia analia kwa lugha yake na we unafuata kwa macho. Ukiwa na dakika kumi tu kabla ya kulala basi Witness History ya BBC, ni fupi, na anayesimulia ni mtu aliyekuwepo pale tukio linatokea. Kwa Kiswahili tupu ingieni kwenye michezo ya redio ya DW ya Ujerumani iliyokuwa inaitwa Noa Bongo Jenga Maisha Yako, imeigizwa vizuri na watoto wanaielewa.

Muziki sitakaa sana. Song Exploder ya Hrishikesh Hirway, mwanamuziki anaufungua wimbo wake kipande kipande, ngoma peke yake, besi peke yake, sauti peke yake, afu mwisho unapigwa mzima na unausikia upya kabisa. Na Afropop Worldwide, hao wako hewani tangu 1988 na sauti ya Georges Collinet wa Kameruni, hazina yao ya Afrika ni kubwa mno, andika "taarab" au "Zanzibar" uone.

Sasa mambo ya bando, maana hapa ndo wengi wanakwama. Sauti ni nyepesi kuliko mnavyodhani. Faili la kawaida lenye ubora wa sauti wa 128 kbps linakula kama MB 1 kwa dakika, saa nzima ni MB 60 hivi, na vipindi vya maongezi tupu vingi viko 64 kbps yani nusu yake. Kinachomaliza bando ni kusikilizia YouTube na video inacheza wakati simu iko mfukoni! Wenye Android wekeni app ya AntennaPod, ni ya bure, haina matangazo yake, haikuombi hata kufungua akaunti, ingia kwenye mipangilio uiambie idaunlodi ukiwa kwenye waifai tu na ifute episodi ukishaimaliza. Ina na kitu cha kuruka ukimya, na spidi unapunguza. Kiingereza cha Wamarekani wakishachangamka kinakimbia, weka 0.85 bila aibu yoyote, au kama una iPhone, Apple Podcasts tangu 2024 inakuonyesha maandishi huku sauti inaenda. Na ukitaka kutafuta ndani ya episodi za vipindi vyote duniani kwa mpigo tumia tovuti ya Listen Notes, hapo ndo pa kuandika jina la mhusika wako, andika Black Panther, andika One Piece, andika jina la mchoraji. Ukimpata mgeni aliyekukosha kwenye episodi moja liandike jina lake pia, utamkuta kwenye vipindi vingine vitano ambavyo usingevijua kamwe, mi maktaba yangu nusu imejengwa na wageni.

Kwa wanaotaka vya Kiafrika hasa, tafuteni Kugali. Vijana wa Nigeria, Ziki Nelson na Tolu Olowofoyeku, walianzia kwenye podikasti, baadae wakaungana na Mganda Hamid Ibrahim wakawa wanatoa katuni, na mwaka 2024 kazi yao Iwájú, Lagos ya miaka ijayo, ikaonyeshwa Disney+. Kenya kuna Shujaaz tangu 2010, katuni ya Sheng iliyokuwa inatoka na gazeti, na mhusika mkuu wake DJ B ni kijana anayerusha redio ya siri kutoka nyumbani kwao, halafu hiyo redio ikawa inasikika kweli kwenye stesheni za FM. Katuni na sauti kitu kimoja, na ilipata tuzo ya Emmy ya kimataifa 2012.

Ninachokitamani kwa moyo wote ni podikasti ya Kiswahili inayokaa na wachoraji wetu. Gado yupo, Kingo wa James Gayo tumemsoma wote, Madenge na Ndumilakuwili wa jarida la Sani wamewalea watu wazima wa leo, Chakubanga wa gazeti la Uhuru wazee wanamsimulia mpaka kesho, Wakenya wana Juha Kalulu wa Edward Gitau kwenye Taifa Leo. Episodi moja kwa mhusika mmoja, kama wanavyofanya Cerebro, mtu asome vibonzo kwa sauti aelezee mchoro. Kama una simu inayorekodi vizuri na unamjua hata mchoraji mmoja wa zamani mtaani kwenu, mfuate wiki hii, nipo tayari kukusikiliza hata kama sauti ya jogoo imeingia.

Na ukimtumia rafiki episodi kwa WhatsApp usimtupie linki kavu, hatafungua. Mwandikie "anzia dakika ya 14, wanamzungumzia yule dada wa mvua".