Kwa nini mtu achague besi wakati anayetunzwa ni mwimbaji

Asalaam alaykum nyote. Kijana wetu wa Wete kauliza swali ambalo naona wengi wamelipita mbio. Kikundi chao kinamtaka apige gitaa la besi kwa kuwa hapana mwengine wa kulipiga. Yeye anaona gitaa la solo ndilo linalosikika, na mwimbaji ndiye anayetunzwa fedha na wasikilizaji. Anataka kujua: wale wanaoichagua besi kwa hiari yao wanaona nini humo? Mimi ni mpiga besi hapa Unguja tangu ujana wangu; ile kubwa ya kusimama kwenye taarab, na gitaa la besi kwenye harusi na hotelini. Nitajibu kwa urefu.

Kwanza hilo la nafasi tupu lisikutie unyonge. Paul McCartney alikuwa mpiga gitaa. Mwaka 1961 mpiga besi wa Beatles, Stuart Sutcliffe, alipoiacha bendi kule Hamburg, McCartney ndiye aliyeishika besi, na hakuwa ameililia. Wengi tumeingia kwa mlango huo. Swali zito ni kwa nini mtu hubaki humo hata nafasi nyengine zinapofunguka.

Kwangu mimi jibu limo ndani ya taarab yenyewe. Siku ukihudhuria onyesho la kikundi cha zamani kama Nadi Ikhwan Safaa au Culture Musical Club, sikiliza bashraf wanayofungulia, ule muziki wa ala tupu, kabla hajasimama mwimbaji. Violini, kanuni ile ya nyuzi nyingi, udi, filimbi ya nai, akodiani, wote wanaimba kitu kimoja. Kila mmoja anatia madoido yake, huyu anachelewa kidogo, yule anazungusha mwisho wa kifungu, lakini njia wanayopita ni moja. Ngoma za dumbak na rika zinashika mdundo tu. Anayebaki na sauti za wimbo lakini hafuati njia ya wenzake ni mpiga besi, na selo ikiwepo huenda naye. Yaani katika safu nzima ile, mtu anayeonekana hana la kusema ndiye mwenye kauli yake peke yake.

Na kauli hiyo ina nguvu ambayo kijana hawezi kuijua mpaka aishike. Chukua noti moja, La, mwimbaji ameivuta mwisho wa ubeti. Ukimwekea Re chini yake, ile La inatulia kama mtu aliyefika kwake. Ukimwekea Fa, inalainika, inafunguka. Ukimwekea Si bemoli, inachokoza, inadai iende pahala. Mwimbaji hakubadilisha chochote, koo ni lile lile na neno ni lile lile, lakini kilichowafika wasikilizaji ni mambo matatu mbalimbali, na aliyeamua ni wewe. Mara ya kwanza nilipoligundua hilo mazoezini nilitetemeka mikono. Sikutamani tena solo.

Mzee aliyenifundisha alikuwa mkali kwa jambo moja: noti nyingi. Nikijaza jaza alinisimamisha na kuniambia, "Iachie dumbak ipumue." Alinipigisha wimbo mzima kwa noti chache mno, na kila noti ianze pale pale inapoanza ngoma, wala isiburuzike ikala nafasi ya pigo linalofuata. Hiyo ndiyo kazi. Kuanza noti kila mtu anajua. Kuikata kwa wakati wake ndiko kunakoufanya wimbo utembee.

Tena asikudanganye mtu kwamba hii kazi ni ya kuletwa na umeme. Kwenye kidumbak, ile ndugu ya taarab ya kuchezwa harusini, tunalo sanduku, na waliokulia Ng'ambo ya mji au mashamba wanalijua. Ni sanduku la mbao lililopinduliwa, uzi mmoja, na fimbo. Ukiivuta fimbo uzi unakaza na sauti inapanda, ukiilegeza inashuka. Hakuna alama yoyote ya kukuonyesha noti iko wapi, ni sikio tu. Pembeni kuna fidla, ngoma ndogo mbili za vidumbak, vijiti vya mkwasa na manyanga ya cherewa. Siku ukienda harusini, acha kumtazama mpiga fidla, tazama viuno vya wanaocheza. Utaona vinamfuata nani. Kabla sijashika gitaa la aina yoyote nilikuwa namtazama mpiga sanduku, na naamini wengi wetu huku mapenzi ya besi yalianzia hapo.

Gitaa la besi lenyewe lilikuja kutatua shida ambayo mie naijua mgongoni. Leo Fender, fundi wa California, alilitoa mwaka 1951. Besi ya kusimama ni kubwa, ni taabu kuibeba, na kwenye bendi yenye makelele haisikiki. Fender akalifanya la kuvaliwa begani, lenye umeme, lenye freti, vile vipande vya chuma vinavyokatiza mkono wa gitaa, ili kila noti ikae mahala pake. Nyuzi zikabaki zile zile nne: Mi, La, Re, Sol. Huku kwetu, vikundi vya Tanga, Black Star na Lucky Star, ndivyo vilivyoingiza magitaa ya umeme kwenye taarab, kisha ikaja modern taarab na kinanda, na besi ya umeme ikawa jambo la kawaida.

Lakini freti zina gharama yake kwetu. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast na Bayati, zina sauti zinazokaa katikati ya freti mbili. Violini inazipata, udi unazipata, gitaa lenye freti halizipati. Ninapokuwa na gitaa, sauti hizo nawaachia wenzangu, nami nakaa kwenye zile thabiti za chini, Do, Fa, Sol. Lipo gitaa la besi lisilo na freti, na mwenye sikio zuri atafurahi nalo sana, ila si la kuanzia.

Umesema besi haisikiki. Nakuuliza, nyimbo unazisikilizia wapi? Uzi mnene wa besi unapoachwa wazi hutikisika kama mara 41 kwa sekunde, na spika ya simu haiwezi kutoa sauti ya chini kiasi hicho. Unachosikia simuni ni kivuli cha besi. Vaa hedifoni nzuri, au bora zaidi nenda kasimame karibu na spika kubwa. Tamasha la muziki la Sauti za Busara likifika Ngome Kongwe, simama hapo kidogo halafu uniambie kama ni besi au ni solo iliyokuingia kifuani.

Kuhusu kutunzwa, nitakwambia bila kuficha: noti za fedha zitamwendea mwimbaji, daima. Vikundi vyengine hugawana, vyengine hapana, kwa hiyo uliza kabla hamjapanda jukwaani. Na kama roho yako inataka isifiwe kila usiku, basi besi itakutesa, chukua solo kwa amani. Lakini kwa kazi za malipo mpiga besi hakai bure. Wapiga gitaa ni wengi, wapiga kinanda ni wengi, na kikundi cha watu watatu wanne hotelini bila besi hakina miguu. Mimi napigiwa simu na vikundi ambavyo si vyangu kwa sababu hiyo tu.

Umeuliza pia ununue la nyuzi nne au tano. Nne. Ule wa tano wa chini utaufanya mkono wa gitaa kuwa mpana, na vidole vyako bado vinajifunza kunyooka. Nunua la mtumba lenye mkono ulionyooka, na ulijaribu kwenye amplifaya kabla hujalipa. Kila ukimaliza kupiga zifute nyuzi kwa kitambaa kikavu, chumvi ya bahari yetu inazila haraka. Na usijifungie chumbani na gitaa peke yake. Mtafute mpiga dumbak, hata mmoja, mpige pamoja kila jioni mpaka aache kukutazama. Ukivuka kuja Unguja niandikie hapa hapa, nikupeleke mazoezini kwetu ukaijaribu ya kusimama.