Mwaga kapu kabla ya kupanga mwaka

Wenzangu mlioanza kufuma mwaka huu unaokwisha, najua mnachoandika kwenye madaftari: sweta ya baba, shali ya mama mkwe, seti ya mtoto, vitambaa vya makochi. Wekeni kalamu chini kwanza. Mwageni kapu kitandani muone kilichomo.

Langu mwaka jana lilitoa mkono mmoja wa sweta, soksi isiyo na mwenzake, kofia ya mtoto mchanga ambaye sasa anakwenda chekechea, na kitu cha kijani ambacho mpaka leo sijui kilitaka kuwa nini. Kila kiporo kina hukumu mbili tu: kimalizwe, au kifumuliwe uzi urudi kuwa donge. Cha kijani nilikifumua usiku ule ule, nikapata uzi wa kofia mbili. Wanagenzi huona uchungu kufumua. Mtazoea.

Sasa hesabu. Mwaka wangu wa pili niliahidi sweta nne, na mwaka ukaisha hakuna hata moja iliyovaliwa. Si uvivu, sikuwahi kukaa nikapiga hesabu. Chukua sweta ya mtu mzima mwenye kifua cha sentimita 100, uzi wa unene wa kati, sindano za milimita 4. Mara nyingi hapo hupatikana vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Mgongo peke yake basi ni vitanzi 110 kwa safu. Ukitaka urefu wa sentimita 60, na safu 28 zikikupa sentimita 10, ni safu 168. Mwanagenzi safu kama hiyo humla dakika kumi. Hizo ni saa 28, na bado upande wa mbele, mikono na shingo!

Ndiyo maana siku hizi silengi sweta, nalenga safu: sita kila usiku baada ya Isha, watoto wakishalala. Sweta nzima kwangu hufika safu 600 hivi, yaani siku mia. Baridi ya bara hukaza Juni na Julai, kwa hiyo ya kaka yangu aliyehamia Nyahururu lazima niianze Machi mwanzoni, joto lipo bado, feni ikinipuliza usoni. Ramadhani msiiandikie safu sita. Kati ya tarawehe na jikoni, mbili zikipatikana shukuruni.

Kipande cha majaribio ndicho wanachokiruka wengi, nami nilikiruka. Fuma mraba wa sentimita 15, uufue, uukaushe, kisha uhesabu vitanzi vya sentimita 10 za katikati. Mkono ukilegea ukapata 20 badala ya 22, vile vitanzi 220 vya mzunguko mzima vitakupa sentimita 110. Sweta ya kwanza niliyomfumia kaka ilimfikia ikiwa gunia. Wifi yangu akamvisha ndama, tena akanitumia picha.

Na hapa kwetu Mombasa kuna jambo ambalo maelekezo ya kwenye pakiti hayakuambii. Januari ni kaskazi. Viganja vinatoka jasho, uzi wa akriliki (ule wa plastiki) unang'ang'ania sindano, na vitanzi vinakazika bila wewe kutaka, hata kipande ulichokipima Julai kisilingane na safu za leo. Basi pimeni upya, au fanyeni kama mimi: miezi hii nafuma pamba tu, vitambaa, mikoba na kofia za watoto. Pamba hunywa jasho. Ila haivutiki ikarudi kama sufu, na nguo ndefu ya pamba hushuka kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo msiifanyie gauni.

Uzi wa kazi moja ununuliwe siku moja. Kwenye lebo, kando ya namba ya rangi, kuna namba nyingine ya kundi lililotiwa rangi pamoja. Zikitofautiana, ndani ya duka utaona rangi ni ile ile. Toka nje juani ndipo utauona mstari kifuani.

Feri ya Likoni msiitie kwenye hesabu ya muda. Nilijaribu. Donge likaniponyoka, likabingirika kati ya miguu na baiskeli, na kijana wa mkokoteni akanirudishia likiwa limelowa mafuta na kubeba ganda la chungwa. Matatu iliyokwama Daraja la Nyali, hiyo sawa, ukipata kiti cha dirishani.

Ile soksi ya upweke nimeipa mpaka tarehe 15 Januari. Mwenzake nimeshamwanza: vitanzi 64, safu 12 zimeingia, na ncha za sindano nimezichomeka kwenye kizibo zisinitoboe mkoba.