Maswali ya Wasomaji: Michael Faraday, Sumaku na Umeme

Je, ni kweli kwamba Faraday hakusoma chuo kikuu?

Ni kweli. Mwanasayansi huyu wa Uingereza alizaliwa mwaka 1791, mtoto wa mhunzi, na alipofikisha umri wa miaka 14 alikuwa mwanagenzi kwa fundi wa kujalidi vitabu jijini London, ambako alivisoma vitabu alivyopewa kuvishona. Mwaka 1812 alihudhuria mihadhara ya mkemia Humphry Davy, akaiandika kwa makini, akayajalidi maandishi yake na kumpelekea Davy mwenyewe. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution, taasisi ya sayansi jijini London.

Ugunduzi wake mkubwa ni upi?

Kwa maoni yangu, ni ule wa tarehe 29 Agosti 1831. Aliizungushia pete ya chuma koili mbili za waya zisizogusana, moja akaiunganisha na betri, nyingine na kifaa chenye sindano ya kuonyesha mkondo wa umeme. Sindano ilicheza pale alipounganisha betri, ikatulia wakati mkondo ukiendelea kupita, kisha ikacheza tena, safari hii kuelekea upande wa pili, alipoikata. Mtu mwenye pupa angedhani kifaa kina hitilafu. Faraday aliendelea kuchunguza, na mwezi Oktoba akaonyesha kwamba hata sumaku ya kawaida, ikiingizwa na kutolewa ndani ya koili, huzalisha mkondo, ilhali ikitulia haizalishi chochote: kinachozaa umeme ni badiliko la usumaku. Transfoma zilizo juu ya nguzo na jenereta za mabwawa kama Kidatu hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo.

Na mota ya umeme?

Mwaka 1821 alifanya waya wenye mkondo uizunguke sumaku ndani ya chombo cha zebaki. Haikuweza kuendesha mashine yoyote, lakini mwendo ulikuwepo.

Aliwezaje haya yote bila hisabati ya juu?

Alifikiri kwa picha. Unga wa chuma ukinyunyizwa juu ya karatasi iliyofunika sumaku hujipanga kwa mistari iliyopinda, na Faraday alishikilia kwamba mistari hiyo inaonyesha nguvu iliyoenea katika nafasi yenyewe, jambo ambalo wanahisabati wengi wa wakati wake hawakulikubali, mpaka mwanafizikia James Clerk Maxwell alipoligeuza kuwa milinganyo.

Je, alipewa cheo cha Sir?

Alikikataa, kama alivyokataa urais wa Royal Society, chama cha wanasayansi wa Uingereza.