Kabla hujatoa hela ya kijiko

Mwanangu,

Marahaba. Umeniuliza ununue hicho kijiko, mtambo wa kuchimba, JCB 3CX ya mwaka 2005, au ukodi tu umalize kazi za kiwanja chako cha Mapinga. Dalali kakwambia kimefanya kazi saa 4,000 tu, kilikuwa cha Mzungu mmoja mtunzaji. Huyo Mzungu namjua. Kila dalali anaye wake.

Hebu zipigie hesabu hizo saa. Saa 4,000 kwa miaka 20 ni saa 200 kwa mwaka, sawa na siku 25 za kazi, siku zilizobaki kimelala. Nani anunue mtambo wa bei hiyo akaulaze? Mita ya saa inabadilishwa, baba. Wewe tazama pedali za breki. Ukikuta zimelika mpaka chuma kinang'aa, na kiti kimebonyea, umeshajibiwa.

Marehemu baba yako aliponunua chake, mita nayo ilisoma kidogo. Alikaa kwenye kiti, akawasha, akatabasamu kama bwana harusi, nikajua hela imekwenda. Hakuna aliyeutikisa ule mkono wa nyuma. Wiki ya tatu tukaona ukichimba unacheza kama jino bovu: pini za pale unapogeukia, na bushi, vile vipete vya chuma vinavyozishika, zilikuwa zimekwisha, na matundu yenyewe yamepanuka. Kubadilisha pini peke yake hakukusaidia, ilibidi matundu yajazwe kwa kuchomelea, kisha yachongwe upya. Mimi ndiye niliyekuwa naandika daftari la matumizi, kwa hiyo hayo majina ya spea nimeyajulia kwenye risiti, sikwenda shule ya ufundi.

Basi ukienda kukiona, nenda asubuhi, na usiwaambie saa ya kufika. Shika injini kabla hakijawashwa. Ikiwa ya moto, wamekipasha ili kiwake kirahisi mbele yako. Kikiwaka, fungua kifuniko cha kujazia oili: moshi ukitoka pale kwa nguvu, ringi za pistoni zimechoka. Mwambie opareta anyooshe mkono wa nyuma, ndoo iachane kidogo na ardhi, halafu wewe isukume kushoto na kulia huku fundi wako akikodolea macho zile pini. Mwisho anyanyue koleo la mbele, azime, nanyi mkanywe chai. Mkirudi mkalikuta limeshuka, silinda au valvu zake zinavujisha ndani. Mtu yeyote asipite chini yake.

Kadi nayo isomeke sawa na namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma, na jina la anayeuza liwe ndilo lililoko TRA. Habari za "mwenye kadi yuko safari" zikianza, rudi nyumbani.

Ila tazama na kazi yenyewe. Shimo la choo, msingi, tangi la maji ya mvua, kusawazisha uwanja: hata mvua ikikuchelewesha, hizo ni siku kumi. Baada ya hapo utakuwa na mtambo wa tani zaidi ya saba unaotaka mlinzi, betri, hosi na opareta asiyeuza dizeli yako. Unasema utakikodisha. Baba yako pia alisema hivyo, na kweli kilikodishwa, lakini yeye alikuwa akishinda nacho site tangu alfajiri. Wewe una kazi ya ofisini mpaka jioni.

Mimi ningekodi, kwa siku, na ningesimama pale mwenyewe. Kwanza uliza mabomba na nyaya zimepita wapi. Na mashimo hayo, kijiko kinafika mita nne, udongo wa huko una mchanga, kingo zinaporomoka. Kibarua yeyote asishuke kuokota hata kofia.

Kama moyo umeshakipenda, nenda nacho taratibu, usiache kishika uchumba. Jumamosi utakapokuwa pale nipigie kwa video, uisogeze simu karibu na hizo pini. Miwani ninayo.

Mama yako