Lenzi ya kuvuta au lenzi ya kuvutia?

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Mimi ni mpiga picha hapa Ujiji. Nimepata kamera ndogo ya dijitali pamoja na ile lenzi ya pili inayofungwa mbele ya lenzi yenyewe, ili vitu vya mbali vije karibu. Nawaandikia maelekezo ya ukurasa mmoja vijana wawili ninaowafundisha kazi. Niliandika "lenzi ya kuvutia", wakaangua kicheko. Rafiki yangu anayefundisha sekondari anasema iwe "lenzi ya kukuza". Dukani waliniambia ni "telekonvata". Niandike lipi? Na kama kamera inavuta mara 3 na lenzi hii mara 2, niseme kwa pamoja zinavuta mara 5?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kisarufi hukukosea popote. Kiswahili hutumia kauli ya kutendea kutaja kifaa cha kazi: kisu cha kukatia, sufuria ya kupikia, karatasi ya kuandikia. Kwa kanuni hiyohiyo, kitu cha kuvuta nacho ni cha kuvutia, na pale ufukweni Kibirizi, jirani na Kigoma, ukiomba kamba ya kuvutia mtumbwi utapewa kamba, hutachekwa. Taabu ni kwamba "kuvutia" imeshapata kazi nyingine kubwa zaidi. Sauti inavutia, mandhari inavutia, na watu wa utalii nao wametuletea vivutio kila kona. Kwenye kamba, neno "mtumbwi" linaondoa utata. Lenzi ikibaki peke yake, msomaji anaona lenzi nzuri ya kutazamwa. Vijana wako walisikia hivyo, na siwalaumu.

Lakini si lazima uikimbilie kutendea. Tazama vibao vya mitaani: "Mashine ya kusaga na kukoboa". Sijaona kibao cha "mashine ya kusagia", ilhali jiwe tunaliita jiwe la kusagia bila kusita. Jiwe halisagi, anayesaga ni mtu aliyepiga magoti. Mashine inasaga yenyewe, kazi ya mtu ni kumimina mahindi na kukinga unga. Kifaa kinachoonekana kufanya kazi chenyewe kinaweza kuchukua kitenzi kikavu, bila kukinyambua. Lenzi yako iko upande wa mashine: vioo vyake ndivyo vinavyopinda mwanga, wewe umeshika kamera tu. Kwa hiyo "lenzi ya kuvuta" ni Kiswahili safi, tena ndivyo watu wanavyosema wakiwa na kamera au simu mkononi: vuta kidogo, vuta tena, hapohapo.

Rafiki yako wa sekondari ana hoja, ila hoja yake ni ya darasa la fizikia, ambako kukuza na kioo cha kukuzia vina makao yao. Studio ni mahali pengine. Huko kukuza picha ni kazi inayojulikana na yenye bei yake: mtu analeta picha ya pasipoti ya marehemu baba yake, anataka ikuzwe, iwekwe fremu, itundikwe sebuleni. Ukimwandikia kijana "kuza kwanza, kisha piga", ana haki ya kuuliza atakuzaje picha ambayo haijapigwa. Studio ina msamiati wake wa miaka mingi (nani nje ya fani angejua kuwa "kusafisha picha" ni kuitoa kwenye filamu kwa dawa, si kuifuta vumbi?) na mwandishi wa maelekezo hana sababu ya kugombana nao.

Telekonvata siikatai. Imeshavaa irabu mwishoni, inatamkika, na fundi akikuagizia kipuri ndilo neno litakaloeleweka. Kasoro yake ni kwamba inataja vitu viwili tofauti. Kwenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, telekonvata hukaa nyuma, kati ya lenzi na mwili wa kamera, na hupunguza mwanga: ya mara 1.4 inakula stopu moja, yaani nusu ya mwanga, na ya mara 2 inakula mbili, ikabaki robo. Yako inakaa mbele, na haina hasara hiyo, kwa kuwa kwa umbo lake ni darubini ndogo: mwanga wa mbali unaingia sambamba na kutoka sambamba, kilichoongezeka ni pembe tu, na ndiyo inayofanya kitu kionekane kikubwa. Ndiyo maana neno la kulikazia hapa ni "mbele". Mimi ningeandika "lenzi ya kuvuta ya mbele", na mara moja tu, pale juu ya ukurasa, niongeze kwamba madukani inaitwa telekonvata. Wingi wake ni "lenzi hizi", si "malenzi".

Sasa hiyo hesabu. Nahisi umeitoa kwenye jina, kwa sababu wengi huziita lenzi za nyongeza, na nyongeza inaleta kujumlisha. Hapa ni kuzidisha: mara 3 kwa mara 2 ni mara 6. Hata hivyo, "mara 6" peke yake haimwambii kijana kitu. Mara 6 ya nini? Ile 3 ya kamera ni ulinganisho wa mwisho wa zumu, yaani uvutaji wa kamera yenyewe, na mwanzo wake. Chukua kamera ambayo zumu yake, kwa kipimo cha kamera za filamu, ni sawa na urefu wa fokasi wa milimita 38 hadi 115 (milimita zikizidi, kitu kinakuja karibu zaidi), kama Nikon Coolpix 990 ya mwaka 2000. Ukiifunga lenzi ya mara 2, ile 115 inakuwa 230, na 230 ni kama mara 6 ya 38. Andika milimita, utaepuka maswali.

Na tafadhali usiandike "mara 2 zaidi". Mmoja ataelewa mara 2, mwingine ataelewa ukubwa wa awali ukiongezewa mara 2 juu yake, yaani mara 3. Sema "mara 2" ukome, kisha useme ni ya kipimo gani. Simama ufukweni Ujiji, mlenge mvuvi aliyesimama kwenye mtumbwi: kama kwenye kioo cha kamera ana urefu wa milimita 5, ukifunga lenzi ya mara 2 bila kugusa zumu atakuwa na milimita 10. Upana nao umerudufu, kwa hiyo nafasi anayoijaza ni mara 4. Mwenye kuuza lenzi akitaja 4 na mwenye kununua akitaja 2, wote wawili wanaweza kuwa wakweli.

Maelekezo yenyewe yaandike kwa amri fupi, na "vuta" uiachie zumu peke yake, ili isigongane na jina la lenzi:

"Kaza adapta (pete ya kuunganishia) kwenye kamera, kisha kaza lenzi ya mbele kwenye adapta. Vuta zumu hadi mwisho. Ukiiacha mwanzoni, pembe za picha zitakuwa nyeusi. Tazama kwenye kioo cha nyuma, si kwenye tundu la kuchungulia, kwa kuwa tundu halipiti ndani ya lenzi. Shikilia lenzi kwa mkono wa kushoto. Kasi ya shata (muda kamera inapopokea mwanga) isiwe chini ya 1/250 ya sekunde, la sivyo picha itacheza. Zima flashi: lenzi inaikinga na kuacha kivuli."

"Picha itacheza" sijaibadilisha makusudi. Kuna watakaotaka "itakuwa na ukungu", lakini ukungu huweza kutokana na kioo kichafu, au na asubuhi yenyewe ziwani. Picha iliyocheza ni ya mkono uliotikisika, basi.

Kama vijana hao watampeleka mgeni kwenye Hifadhi ya Gombe, sentensi ya flashi iandike kwa herufi kubwa. Kule kumulika sokwe kwa flashi ni marufuku, uwe na lenzi ya mbele au usiwe nayo.