Kidato cha Nne: rudisha usingizi kwanza, ndipo upige hesabu ya pointi

Mama mmoja wa Mbagala Rangi Tatu ameniandikia wiki hii. Binti yake yuko Kidato cha Nne, shule ya kutwa katikati ya mji. Anasinzia darasani, kichwa kinamuuma kila siku, na matokeo ya moko, yaani mtihani wa majaribio, yametoka na Divisheni II wakati nyumbani walishajiandalia Divisheni I. Anauliza: "Nimuongezee tuisheni ya Jumamosi?"

Usimuongezee, mama. Kwanza tuiandike siku yake kama ulivyonieleza.

Anaamka saa kumi alfajiri, kwa sababu vipindi vya ziada vinaanza kabla ya namba ya asubuhi shuleni, na makonda hawampendi abiria wa nauli ya mwanafunzi. Daladala mbili zitamwacha ndipo apate ya kusukumana. Jioni tuisheni inaisha saa kumi na mbili, foleni inamfikisha nyumbani saa mbili. Kuoga, kula, vyombo, kufua shati: saa tatu na nusu. Kisha madaftari mpaka saa sita na nusu usiku. Analala kwa muda wa saa tatu na nusu tu, na kijana wa umri wake anahitaji saa nane hadi kumi. Alichosoma mchana huwekwa sawa kichwani akiwa usingizini. Kumuongezea kipindi sasa ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Punguza tuisheni ya jioni ibaki siku mbili, kwa masomo mawili nitakayoyataja. Siku nyingine atoke shuleni saa tisa, kabla foleni haijakaza. Asome kwa muda wa saa mbili nyumbani, na saa tatu usiku taa izimwe, simu ilale chumbani kwako. Hapo tayari ana saa saba za usingizi. Vyombo vioshwe na kaka zake, mikono wanayo. Kuhusu vipindi vya alfajiri, mwandikie barua mwalimu wa darasa, eleza umbali na muda wa safari. Barua hujibiwa kuliko malalamiko ya getini.

Kichwa kinachouma saa tano asubuhi mara nyingi ni njaa na kiu. Chai ya rangi na andazi moja haimfikishi mchana; mpe yai, au maharage na kiazi kilichobaki usiku. Muulize pia kama anakunywa maji shuleni. Wasichana wengi wanajinyima makusudi wasilazimike kwenda choo cha shule. Na kama hedhi yake ni nzito, akapimwe wingi wa damu.

Sasa pointi, maana hapa ndipo wazazi wengi wanapoteza hela. NECTA, yaani Baraza la Mitihani, huhesabu masomo saba bora: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Divisheni I ni pointi 7 hadi 17. A inaanzia alama 75, B 65, C 45, D 30. Binti yako ana B ya Kiswahili na ya Kiingereza. C za Historia, Jiografia, Uraia na Biolojia. D za Kemia, Fizikia na Hisabati. Saba bora: pointi 20.

Angalia alama zenyewe. Kemia ana 42, Biolojia 61, Jiografia 62. Akifika 45, 65 na 65, anashuka hadi 17. Ni alama kumi jumla! Wakati huohuo unalipia tuisheni ya Kiingereza ili 66 iwe 72, ambayo bado ni B ileile. Hamisha hela hiyo iende Kemia na Biolojia. Ila alama huyumba, kwa hiyo alenge tano au sita juu ya mpaka, na asiyaache masomo ya tahasusi, yaani mchepuo, anayoitaka Kidato cha Tano.

Jumamosi asubuhi afanye pasti pepa moja kwa muda kamili wa mtihani, daftari limefungwa. Asahihishe, aandike kila kosa na sababu yake: hakujua, hakusoma swali vizuri, au muda ulimwishia. Kosa la muda halitibiwi na notsi. Alasiri aachwe.

Na nyie walimu wenzangu: mwaka 2023 NECTA yenyewe iliacha kutangaza kumi bora, lakini sisi bado tunabandika ukutani orodha ya kwanza hadi wa mwisho, kisha tunaipiga picha na kuitupa kwenye grupu la wazazi. Aliyekuwa wa 87 alishajua kuwa ni wa 87. Hakuhitaji shangazi yake wa Tegeta ajue. Mpe karatasi yake mkononi, mwonyeshe swali alilokosea.

Uchovu wa kawaida hupungua akilala vizuri wiki moja au mbili. Mama, ikiwa baada ya hapo binti yako hataki kula, amejitenga na marafiki, analia bila sababu, usingoje matokeo ya Januari. Mpeleke hospitali, uwaeleze hayo yote na si kichwa peke yake. Akitamka kwamba bora asiwepo, usimkemee wala usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, ondoa dawa na sumu ya panya ndani, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure, na mzazi pia anaweza kuipiga.