Barua kwa mwanangu: hao arobaini waliosema ndiyo

Mwanangu Neema,

Umeniuliza kama uache kazi ya benki ufungue kampuni ya kupeleka mboga na matunda majumbani. Unasema watu arobaini uliowauliza wote wamesema watanunua. Mimi nimekwama hapo kwa hao arobaini.

Uliwauliza vipi? Ukimwambia mtu "nina wazo langu, utanunua?" atakubali kwa sababu anakupenda. Nimelisema tangu mkiwa wadogo: muulize mtu alichofanya, usimuulize atakachofanya. Wiki iliyopita alinunua mchicha wapi, kwa bei gani, nani alimletea? Kisha mwombe alipie leo mzigo wa wiki ijayo. Watakaotoa pesa ndio uwahesabu.

Mjomba wako naye ukoo mzima ulimwambia ndiyo. Akanunua mashine ya kukamua alizeti kabla hajajua mbegu atazipata wapi msimu ukiisha. Hesabu zake zilikuwa za mashine inayokamua kila siku. Mavuno yakaisha, bei ya mbegu ikapanda, mashine ikalala. Angesimama hapo, angebaki na shamba. Akawa anasema, "Nimeshaweka nyingi, siwezi kuacha." Akaongeza chujio, akaongeza mkopo, mpaka shamba la babu yenu la Mkalama likaenda. Linaniuma hadi leo. Pesa iliyokwisha kutumika ndiyo iliyomwamulia inayofuata.

Na wasomi hawaponi. Webvan ya California, iliyopeleka vyakula majumbani kama unavyotaka wewe, mwaka 1999 iliingia mkataba wa takriban dola bilioni 1 wa kujengewa maghala 26, wakati ghala lake la kwanza, la Oakland, ndiyo kwanza limefunguliwa. Julai 2001 ikafilisika.

Ila hapa najibishana na nafsi yangu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1988 uliwauliza wajasiriamali 2,994. Asilimia 81 walijipa angalau nafasi 7 kati ya 10 za kufanikiwa; theluthi nzima walijipa 10 kwa 10. Nasema wamejidanganya. Halafu nafikiri, bila imani hiyo nani angethubutu kufungua hata duka? Basi iwe ya kukuamsha alfajiri, isiwe ya kupangia matumizi.

Wewe na mwenzako wa biashara chukulieni mwaka umepita na kampuni imekufa. Kila mmoja aandike peke yake imekufaje, ndipo mlinganishe. Akitangulia mmoja kusema, mwingine atamfuata. Muda mliojikadiria upimeni kwa muda uliowachukua waliowahi kufanya kazi hiyo. Mwisho andikeni kiasi cha mwisho mtakachoweka, tarehe, na idadi ya nyumba zinazolipa bila punguzo. Karatasi hiyo aishike mtu asiye na hisa, na awe na ruhusa ya kuwaambia "simameni."

Kuhusu kuacha kazi, jibu langu limefika ulimini. Nalizuia mpaka nione karatasi hiyo na orodha ya waliolipa. Baba yako ananisihi nikwambie tu, nimemkatalia.

Mama yako